Mwano Usio na Mwizi

Ninaandika nikiwa nimesimama, karatasi zimelazwa juu ya kabati la vyombo, kwa sababu tangu niugue sijaweza kukaa kitini kwa muda mrefu bila kugeuka kutazama mlango. Daktari alikwisha kuniambia kwamba kifua changu kimepona, nami namwamini. Huku kutotulia ni mabaki ya jambo jingine lililokwenda sambamba na kifua kikuu, katika nyumba ileile na miezi ileile, na ni kwa ajili ya hilo la pili nimeona niandike. Juzi nilisikia idhaa moja ya nje ikieleza kwamba katika nchi mbalimbali wazazi wameanza kujitokeza na kusema kuwa wanapigwa na watoto wao, na kwamba wapo wanaokutana kusikilizana. Mtangazaji alilitaja jambo lenyewe kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba chungu cha moto. Nilizima redio, nikazunguka chumba, nikaiwasha tena. Wakati wangu sikujua kuwa ninaye mwenzangu hata mmoja. Basi wewe unayesoma, ikiwa unaye mtoto wa namna hiyo, na hasa ikiwa huyohuyo ndiye anayekupa maji ya kunywa, nifuate polepole.

Mimi ni mwalimu, mjane, na mama wa mtoto mmoja. Nilisomeshwa na masista waliotufundisha Kilatini kabla ya kutufundisha kupika. Katika Kilatini nilikuta neno la mtu anayemuua mzazi wake, na adhabu ya kutisha ikiandamana nalo. Sikukuta neno la mtu anayempiga mzazi wake alfajiri na kumchemshia uji saa nne. Katika Kisukuma cha nyumbani sikulipata pia. Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi historia katika chuo kimoja hapa Mwanza, na niliwaasa kwamba mtu asiandike sababu ya tukio kabla hajaliandika tukio lenyewe. Nitajaribu kuifuata kanuni hiyo, ingawa tukio limo nyumbani mwangu.

Tunaishi Kirumba, katika nyumba zilizobanana kati ya mawe makubwa juu ya soko la samaki la Mwaloni. Mtu akitaka kushuka barabarani hana budi kupita kwenye majabali, akishika hapa na kukanyaga pale. Binti yangu, Sabina, alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili aliporudi kuishi nami. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha nguo huko Nyakato, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa wakati kiwanda kikitayarishwa kuuzwa kwa wamiliki binafsi. Naomba nisieleweke vibaya. Nyakato ilijaa vijana waliopunguzwa mwaka ule, walirudi majumbani kwao wakauza mitumba na vitumbua, na sikusikia kwamba waliwapiga mama zao. Nimetaja kiwanda kwa kuwa ndiko alikotoka, wala sikitaji kuwa ndicho chanzo.

Mara ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa mvua za vuli, kabla ugonjwa haujajulikana. Nilimwambia kwamba pipa la maji limeachwa wazi na wadudu wa ziwani wamejaa ndani. Sabina alikuwa ameshika upawa. Aligeuka akanipiga nao begani, pigo moja, kisha akautazama ule upawa kana kwamba ndio uliosema neno baya. Hakuomba radhi. Aliyamwaga maji yote, akashuka bombani, akalijaza pipa upya mpaka juu, ndoo baada ya ndoo, jasho likimtiririka. Jioni alinisugua bega kwa maji ya moto na chumvi. Nilijiambia kwamba limepita.

Halikupita. Lilikuja kama mvua zenyewe: leo limenyesha, juma zima kimya, kisha mara mbili siku moja. Halikuwa na saa wala sababu niliyoweza kuikariri nikajihadhari nayo. Nikitembea polepole lilikuja, nikiharakisha lilikuja. Nilijifunza kusikiliza namna anavyotua ndoo.

Wakati huohuo mwili wangu ulikuwa ukiniacha. Kitenge kilichokuwa kikinitosha mara moja sasa kilinizunguka mara mbili na ncha ikabaki. Nililowesha shuka kwa jasho hali wenzangu wakijifunika kwa baridi ya mvua. Kisha sauti ikaondoka. Nilisimama mbele ya darasa kueleza habari za misafara ya pembe za ndovu, na kilichotoka kinywani kilikuwa upepo tu, kama mlango unaoburuzwa sakafuni. Wanafunzi walinihurumia, jambo lililoniumiza zaidi kuliko kama wangecheka. Mkuu wa chuo akanituma hospitali, nikatoa makohozi katika vikopo vyenye vifuniko, na jibu likaja: kifua kikuu. Majirani walinong'ona kuhusu ule ugonjwa mwingine wa siku hizi, kama walivyonong'ona kwa kila aliyekonda miaka ile. Sikuwa na sauti ya kuwakanusha.

Matibabu yalikuwa na sehemu mbili, nami bado nahesabu mwaka ule kwa hizo. Miezi miwili ya kwanza ni sindano kila asubuhi kituoni, na vidonge unavyomeza mbele ya macho ya nesi. Miezi sita inayofuata ni vidonge nyumbani, chini ya usimamizi wa ndugu. Ukikatisha, ugonjwa hurudi ukiwa umeijua dawa, na hapo, walituambia, huenda usiondoke tena.

Sikuweza kushuka majabali kwa miguu yangu. Sabina alinibeba mgongoni. Yaandikwe hayo kwa uzito uleule wa mengine: mikono iliyonipiga ndiyo iliyonishika chini ya mapaja, ikaniteremsha jiwe kwa jiwe kila asubuhi katika mvua, na sikuwahi kudondoshwa. Mgongo wake ulikuwa na joto. Kina mama waliokuwa wakianika dagaa walisimama kututazama.

"Mama Sabina, umezaa!" walinipigia kelele. "Wengine tumejaza nyumba tu, wewe umezaa!"

Nilipunga mkono. Sabina alicheka, nami niliuhisi mcheko wake ukipita katika mbavu zangu.

Ukumbi wa kungojea ulikuwa baraza lenye mabenchi matatu na upepo wa ziwa ukipita katikati. Tulikaa kwa mpangilio wa kufika, kila mmoja na kitambaa chake mdomoni. Kulikuwa na mzee mmoja kutoka Ukerewe, mwembamba kama upondo wa mtumbwi, aliyekuwa ametutangulia kwa majuma matatu na hivyo kujiona mwenyeji. Zile dawa hugeuza mkojo ukawa mwekundu, na hakuna aliyekuwa ametuonya.

"Mwalimu," aliniambia siku yangu ya pili, "leo umekojoa nini?"

Nilimtazama kwa ukali niliobakiwa nao.

"Usinikasirikie. Mimi nimekojoa divai ya misa. Padre angeniona angenifukuza ukristo." Benchi zima likacheka, likakohoa, likacheka tena. Ilikuwa rehema ndogo, lakini nilirudi nayo mpaka nyumbani.

Masikio yalianza kulia kama nyenje kwa sababu ya sindano. Magoti yaliuma. Nesi aliyetuhudumia aliitwa Tekla, mama wa makamo mwenye mikono mizito na mwendo mwepesi. Sindano ilichomwa paja la nyuma, leo kulia, kesho kushoto, ili nyama ipumzike. Ndipo nilipotambua jambo ambalo sikuwa nimelifikiri: kwamba ugonjwa huu ungenilazimisha kuufunua mwili wangu mbele ya mtu yuleyule kila asubuhi. Nguo zilizonisitiri mbele ya mtaa mzima hazikuwa na kazi nyuma ya pazia la chumba cha sindano.

"Mwalimu, hapa pana nini?" Nesi Tekla aliuliza asubuhi moja ya juma la tatu.

"Niliteleza kwenye mawe," nilinong'ona.

"Mawe ya Kirumba nayajua. Nimezaliwa huko." Alivuta dawa. "Hayana vidole."

Nje ya pazia Sabina alikuwa akizungumza na yule mzee wa Ukerewe. Niliisikia sauti yake ya upole ikimuuliza kama amekula. Nesi Tekla naye aliisikia. Alichoma sindano upande ambao haukuwa zamu yake, penye ngozi nzima, akaniambia nijikaze. Tangu siku ile aliangalia kwanza ndipo akachagua upande. Zilikuwepo asubuhi alizochelewa kuchagua.

Miezi miwili ilipokwisha, mvua zilikuwa zimekatika na gugumaji limejaa pwani hata mitumbwi ikawa inasukumwa kwa miti. Nilikuwa nimeongezeka uzito kidogo. Nesi Tekla aliniita peke yangu.

"Sasa unaenda kunywea nyumbani. Anahitajika mtu wa kukusimamia. Akae na kopo la dawa, akupe, akuone ukimeza. Nani?"

"Sabina."

"Fikiri kwanza, Mwalimu."

"Sina mwingine."

"Hata jirani?"

Nilifikiri juu ya Mama Kulwa, jirani yangu ukuta kwa ukuta, mwuza dagaa, mama wa mapacha, mwanamke mwenye moyo mweupe na mdomo ulio wazi kama mlango wa soko. Nikimpa kopo, angeuliza kwa nini mtoto wa kuzaa amepitwa. Na jibu la swali hilo lilikuwa na njia moja tu katika mtaa wetu, ambayo yanipasa niieleze kwa asiyekulia kwetu.

Kwetu kuna mwano. Ni yowe la kuomba msaada, lenye mkunjo wake ambao mtoto hujifunza kuutambua kabla ya kusoma. Ukipigwa, kila mwenye miguu hutoka: ataacha chungu motoni, ataacha duka wazi. Asiyetoka huulizwa alikuwa wapi, na hutozwa faini. Miaka ile sungusungu, walinzi wa jadi, walikuwa na nguvu mjini kama vijijini, na watu walitoka na rungu mkononi, wakiuliza jambo moja tu: yuko wapi? Mwano haurudishwi. Huwezi kuupiga kisha ukasema nimekosea, ni mwanangu tu. Nimewahi kuona mtu aliyefikiwa nao. Alibaki hai, ila mtaa ulimtenga: hasalimiwi, hauziwi chumvi, hachotewi moto. Na anayempiga mamaye, walisema, hahesabiwi hata na mwizi, kwani mwizi huiba cha mtu mwingine.

Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili mkononi. Nikinyamaza, ningeweza kufa kabla ya dawa kwisha. Nikisema, nilikuwa namtoa mwanangu kwa watu wenye rungu. Mpaka wakati huo ugonjwa ulikuwa umeniamulia, maana mtu asiye na sauti hapigi mwano. Nilimwambia Nesi Tekla tena: Sabina.

Sabina alilipokea kopo kwa mikono miwili, akarudia masharti yote bila kukosea neno. Nesi Tekla alimsikiliza, akanitazama mimi.

Mwezi wa tatu sauti ilianza kurudi. Kwanza ilikuja asubuhi tu, ikakwaruza. Kisha nikaweza kumwita muuza maziwa aliye upande wa pili wa jiwe. Mgonjwa yeyote angefurahi. Mimi niliificha. Niliendelea kunong'ona mbele ya Sabina na mbele ya watu, na nilipobaki peke yangu nilifunga dirisha nikajaribu vokali moja baada ya nyingine, kama mwanafunzi wa kwanza. Nilikuwa nikitembea toka kona hadi kona nikifanya hivyo. Sikuweza kutulia. Kila sauti iliyorudi iliniondolea udhuru mmoja.

Mama Kulwa alikuja masika yalipoanza, akaleta mapanki, mifupa ya samaki ya kuchemsha supu.

"Pole na kikohozi, Mwalimu. Jana kilikushika kweli. Hata sufuria nilisikia zinaanguka."

"Kweli," nilisema.

"Nikamwambia baba Kulwa, huyu mama anavyotikiswa na kifua, mpaka ukuta wetu unatikisika. Ungekunywa tangawizi."

Nilimshukuru. Usiku alioutaja sikuwa nimekohoa hata mara moja. Kifua kilikuwa kimetulia tangu mwezi wa pili. Tangu vuli mtaa ulikuwa umesikia kila kitu na kukiita kikohozi. Hata siwezi kuwalaumu: mgonjwa wa kifua yupo, kelele zipo, nani atatafuta maelezo ya pili? Mimi mwenyewe, mwalimu wa historia, ningeridhika na lile la kwanza.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa mwezi wa tano wa matibabu, masika yakiishia, saa kumi za jioni. Watu walikuwa wakirudi kutoka Mwaloni, na katika uwanja wa mpira kulikuwa na mechi, makelele yakipanda na kushuka. Nilikuwa sijapewa vidonge tangu juzi. Siku ya kwanza Sabina alisema amesahau. Siku ya pili alisema nitavipata jioni, na jioni alitoka. Siku hii nilimkuta ameketi kwenye kigoda, kopo limo mapajani mwake.

"Sabina, dawa yangu."

"Omba vizuri."

"Naomba dawa yangu, mwanangu."

"Wewe unaniombaje kama unaniamuru? Mimi mwanafunzi wako?" Alifungua kopo, akatoa vidonge, akavishika kiganjani. "Piga magoti."

Nilisema sitapiga magoti. Nilisema kwa sauti kamili. Ilinitoka tu.

Alishangaa, kisha akatabasamu. "Alaa! Kumbe umepata sauti. Tangu lini?" Aliinuka. Alinisukuma mpaka mgongo ukagota ukutani, ukuta wa Mama Kulwa, akanishika shingoni kwa mkono wenye vidonge. Nilivisikia vikisagika kooni kwangu kwa nje. "Basi piga mwano. Si una sauti? Piga, waje waniue. Piga, Mama."

Nimejiuliza mara nyingi kama alikuwa akinitisha au akiniomba. Ninachojua ni kwamba sikufikiri juu ya mtaa, wala juu ya rungu. Nilifikiri juu ya vile vidonge vilivyogeuka unga kwenye ngozi yangu, ambavyo vilikuwa uhai wangu wa siku hiyo. Nikafungua kinywa, nikapiga mwano.

Sabina aliniachia kana kwamba nimemchoma. Uwanjani makelele yaliendelea, lakini mtaani kila kitu kilikatika, na kisha nikasikia miguu. Ilitoka juu na chini ya majabali kwa pamoja. Nilitoka nje, nikaufunga mlango nyuma yangu, nikasimama kizingitini. Mbele alikuwa kamanda wa sungusungu wa mtaa, Mzee Masanja, fundi viatu, bado amevaa aproni ya ngozi, rungu mkononi. Nyuma yake wachukuzi wa samaki, vijana, wanawake wenye mikono ya unga.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Hayupo wa kukimbizwa," nilisema.

"Mwalimu, umepiga mwano."

"Nimeupiga."

"Basi yuko wapi mwizi?"

"Hakuna mwizi. Ni Sabina. Ananipiga. Amenipiga tangu vuli, na leo amenizuilia dawa. Sikuwaita mje mumpige. Nimewaita mjue."

Sijawahi kuona umati uliochanganyikiwa kama ule. Walikuja na miguu ya kukimbiza na hawakuwa na wa kumkimbiza. Kijana mmoja, mchukuzi, magamba yakimng'aa mikononi, alitoka mbele.

"Sasa tunangoja nini? Aliyempiga mama yake! Toka, Mwalimu, tumshughulikie."

"Wewe kijana," nilimwambia, na sauti yangu ilikuwa ile ya darasani, "ukimgusa, nitapiga mwano wa pili, na huo utakuwa wako."

Halafu mwanamke mmoja nyuma akacheka, na mwingine, na Mzee Masanja akashusha rungu akajifuta uso kwa aproni.

"Haya," alisema. "Mwano wa namna hii sijapata kuuona tangu nizaliwe. Vijana, wekeni fimbo chini. Leteni vigoda."

Mama Kulwa ndiye aliyepita pembeni yangu akaingia ndani. Tulimsikia akisema, "Lete hapa hilo kopo." Alitoka nalo amelikumbatia, na machozi yanamtoka, machozi ya hasira.

"Kumbe ndicho kikohozi," aliniambia. "Mwaka mzima, Mwalimu! Nakuletea tangawizi! Umenifanya mjinga mwaka mzima, ukuta kwa ukuta!"

"Samahani, mama."

"Usiniombe samahani. Kunywa dawa." Alinihesabia vidonge mbele ya watu wote, akaagiza maji, akasimama akinitazama mpaka nikameza.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu na hakikuwa na adabu. Wapo waliotaka Sabina atengwe. Mzee mmoja alinitaka nimlaani palepale, niondoe radhi yangu, jambo limalizike. Nilikataa. Nilisema laana ni kitu cha mara moja, na mimi nimeumizwa mara nyingi, haviwezi kulingana. Sijui kama hoja hiyo ina mantiki, lakini hakuna aliyeipinga. Sabina aliletwa akakaa kwenye jiwe, ameinamisha kichwa, hakukanusha neno. Mzee Masanja alipomwuliza kwa nini, alisema, "Sijui, baba," na ninaamini alisema kweli. Mwishowe wakaamua kwamba aende kwa mjomba wake, kaka yangu Petro, mkulima wa pamba ng'ambo ya ziwa, na dawa nitanywea kwa Mama Kulwa kila asubuhi. Mtaa ungemsalimia akija, ila asilale chini ya paa moja na mimi mpaka mimi mwenyewe niseme.

Petro alikuja kumchukua. Alipokuwa akifunga mzigo wake Sabina aliniambia neno moja tu. "Umenianika, Mama. Umenianika kama dagaa." Walielekea Kigongo kuvuka kwa kivuko kwenda Busisi. Nilibaki katikati ya chumba, na kimya cha nyumba kikanitisha kuliko kelele zake. Kwa miezi kadhaa niliendelea kutembea kona hadi kona. Ndoo ikitua popote mtaani, niligeukia mlango. Nilimkosa mwanangu kwa namna niliyoona aibu kuisema: nilikosa mgongo wake. Yule anayedhani mzazi anayepigwa huacha kupenda hajawahi kupigwa na anayempenda.

Nilimaliza dawa kiangazi kilipokwisha. Makohozi yalikuwa safi. Nesi Tekla alinitazama shingo, mikono, akaniambia nigeuke, ingawa hakukuwa na sindano tena. Kisha akanipigapiga begani kwa ule mkono wake mzito.

Sabina alikuja katika vuli iliyofuata, mchana, akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Mikono ilikuwa imepasuka kwa jembe. Aliniamkia, nikamwitikia. Nilimpikia, akala, mlango ukiwa wazi na Mama Kulwa akichambua mchele barazani kwake kwa makini kuliko mchele ulivyohitaji.

"Mama," alisema baadaye, "nimechoka na kwa mjomba. Nirudi?"

"Njoo mchana wowote. Kulala, bado."

"Nimepona."

"Huenda. Mimi walinipima makohozi ndipo wakaniambia. Wewe nitakupima kwa kipimo gani?"

Alifikiri. Hasira ilipita usoni mwake. Niliiona ikija, nikasimama, na miguu yangu tayari imeelekea mlangoni. Naye aliniona nikisimama. Aliiweka mikono yake juu ya mapaja, viganja vimetazama juu, akaitazama kwa muda mrefu mpaka ile hasira ikapita kama ilivyokuja.

"Mpaka lini?"

"Sijui, mwanangu. Kweli sijui."

Aliosha vyombo, akaviinamisha vikauke, akachukua mfuko wake kuwahi kivuko. Mlangoni alisita. "Hutanisindikiza?"

Kwetu mgeni hasindikizwi mpaka mwisho wa safari yake. Husindikizwa mpaka pale mwenyeji anaposema, basi, mimi naishia hapa. Nilitoka naye. Tulishuka majabali, yeye mbele, akinyoosha mkono nyuma penye utelezi, nami nikiushika, kisha nikiuachia. Tulipofika kwenye jiwe la mwisho juu ya barabara nilisimama.

"Basi," nilimwambia. "Mimi naishia hapa."

Alinitazama kutoka chini, akaitika, akaenda.